Mgonjwa Anayekula kwa Huzuni Hahitaji Karipio

Miongoni mwa dhuluma ambazo watu wema huwatendea wagonjwa wao pasipo kukusudia, siioni iliyoenea zaidi katika nyumba zetu za Kisangani, na katika vijiji vinavyouzunguka mji huu, kuliko ile ya kumkaripia mgonjwa aliye katika matibabu kwa sababu amekula kupita kiasi, kumwita mlafi mbele ya watoto na wakwe zake, kisha kumwacha arudi kitandani na fedheha yake, ilhali fedheha hiyo hiyo ndiyo itakayomwamsha usiku wa pili na kumrudisha jikoni. Nalisema neno langu waziwazi tangu mwanzo: mtu anayefakamia chakula wakati wa tiba aghalabu husukumwa na huzuni, hofu, ghadhabu au upweke, na tiba isiyouliza habari za mambo hayo hupoteza dawa bure.

Nawafikiria hasa watu wa Masako. Wasomi wanalijua jina hilo kwa sababu ya msitu wa hifadhi wenye hekta 2,105, uliozungukwa na pindo la mto Tshopo, kiasi cha kilomita 15 kutoka mjini kwa barabara ya kale ya Buta, ambako Chuo Kikuu cha Kisangani kimekuwa kikipeleka wanafunzi wake miaka mingi kuchunguza panya, ndege na miti. Kando ya msitu huo wanaishi watu: wakulima wa mihogo, ndizi na mpunga, wafyekaji wa vichaka, wachoma makaa, ambao mazao yao huingia mjini alfajiri juu ya vichwa vya akina mama na juu ya baiskeli zilizosheheni hata mwenyewe hawezi kupanda, sharti azisukume. Miongoni mwao wamo wenye maradhi ya sukari na wenye shinikizo la damu, ambao njia yao ya kwenda kupimwa ni barabara hiyo hiyo, na ambao hurudi nyumbani na vidonge vichache pamoja na orodha ndefu ya makatazo.

Orodha hiyo kila mmoja wetu ameisikia. Usile muhogo, usile ndizi, usile wali, usitie mafuta ya mawese, usinywe chai yenye sukari. Aliyeitoa hakukusudia ubaya, na baadhi ya maneno yake yana msingi katika elimu ya utabibu. Lakini mke wa mkulima akisomewa makatazo hayo, mara hujiuliza kimoyomoyo ni kitu gani kilichosalia shambani mwake, naye kwa haya haulizi kwa sauti, bali huitikia kwa kichwa, hushukuru, hufunga karatasi katika ncha ya kitenge chake na kwenda zake.

Mtazame basi mama wa namna hiyo katika wiki ya pili ya tiba. Kutwa nzima ameshika amri: asubuhi hakutia kitu kinywani, adhuhuri amekula sombe tupu, yale majani ya muhogo, jioni amewapakulia wajukuu lituma, zile ndizi zilizotwangwa hata zikawa bonge laini lenye kunata, naye mwenyewe akajifanya ameshiba. Kisha likamfikia lililomfikia: mtoto aliyekwenda Kinshasa kutafuta kazi hapokei simu, au shemeji amekuja kudai deni lililobaki baada ya mazishi, au hakuna jambo lolote isipokuwa ukiwa wa mjane ambaye nyumba yake hunyamaza mapema mno. Usiku wa manane anaamka. Hawashi taa. Anaingia jikoni bila viatu, anafunua sufuria, anamega lituma iliyopoa kwa vidole, anaichovya katika mafuta mekundu yaliyotuama chini ya chungu cha samaki, na anakula akiwa amesimama, upesi upesi, bila kutafuna sawasawa wala kuonja, na akisikia mtoto anageuka kitandani husimamisha taya mpaka kimya kirudi. Chakula kikiisha ndipo anapoacha, wala si kwa kushiba. Kisha anaiosha sufuria, ili asubuhi pasiwe na ushahidi.

Akirudi kupimwa, damu humsemea. "Mama, si tulikukataza?" huuliza muuguzi, kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho, huku wagonjwa wengine wamekaa kwenye benchi wakisikiliza. "Ndiyo, muganga, nilikosa," hujibu mama, akitazama sakafu. Anaambiwa kwamba hajipendi, kwamba dawa zinapotea, kwamba akiendelea hivyo atakatwa mguu. Huenda yote ni kweli. Lakini hakuna aliyemwuliza swali moja jepesi: mama, usiku ule kabla hujaamka ulikuwa ukiwaza nini?

Swali hilo ndilo kiini cha elimu ambayo matabibu wa nafsi wameikusanya kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1959 tabibu wa Marekani, Albert Stunkard, aliandika habari za wagonjwa wake wanene waliokuwa wakila chakula kingi mno kwa muda mfupi kisha wakalemewa na majuto. Na ingawa ilichukua miaka mingi kabla ya wenzake kukubaliana, mwaka 2013 kitabu ambacho matabibu wa nafsi wa Marekani hutumia kutambua maradhi kiliupa ulaji huo nafasi yake wenyewe, na orodha mpya ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, ikafanya vivyo hivyo. Alama zake zajulikana: mtu hula kwa kipindi kifupi chakula kilicho dhahiri kingi kuliko ambacho watu wengine wangekula katika hali ile ile, na wakati huo hujihisi kwamba hatamu zimemtoka mkononi, hula haraka, hula bila njaa, hula mpaka aumwe na tumbo, hula peke yake kwa kuona haya, na baadaye hujichukia. Kwa mujibu wa kitabu hicho cha mwaka 2013, jambo hilo likimpata mtu walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, ni maradhi yanayostahili tiba. Wala hakuna sharti la kuwa mnene. Mwembamba naye aweza kuwa nayo.

Hapa yafaa nitenge jambo moja ili nisimpoteze mgonjwa wa sukari. Anayejidunga insulini, au anayemeza baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, sukari yake yaweza kushuka kupita kiasi, hasa akikosa mlo: jasho humtoka, mikono humtetemeka, moyo humwenda mbio, na njaa kali humshika ghafla. Huyo ni lazima apewe kitu kitamu mara moja, wala asiambiwe ana uchu. Zipo pia dawa ambazo zenyewe huongeza hamu ya kula, kama vile prednisoloni, na baadhi ya zile wanazopewa wagonjwa wa akili. Kwa hiyo kabla ya mtu kumhukumu mgonjwa, na amwulize tabibu ni dawa gani anayotumia.

Amma uhusiano baina ya moyo na chungu, huo umepimwa kwa njia ambayo mimi naiona ya werevu mkubwa. Badala ya kumwuliza mtu mwishoni mwa mwezi alikuwaje, wakati kumbukumbu zimekwisha changanyika, watafiti humpa kifaa kidogo cha kuandikia ambacho humwita mara kadhaa kwa siku, aeleze saa ile ile anajisikiaje na amekula nini. Mwaka 2011 Alissa Haedt-Matt na Pamela Keel walikusanya tafiti 36 za namna hiyo wakazichambua pamoja, na wakakuta kwamba kabla ya mtu kufakamia chakula, huzuni na fadhaa yake huwa zimepanda kuliko kawaida yake, na kuliko kabla ya mlo wa kawaida; na baada ya kula, hali hiyo mbaya haipungui, bali huzidi. Wataalamu wengine, Todd Heatherton na Roy Baumeister, walikwisha kueleza mwaka 1991 kwamba mtu wa namna hiyo hula ili aikimbie nafsi yake: kwa muda ule mfupi fikira zake zote hubana juu ya kinywa na mkono, na lile linalomtesa likawa mbali. Faraja ipo, nayo ni ya dakika. Ikiondoka, mtu huyakuta majonzi yake pale pale, na juu yake yamewekwa majuto.

Sasa itie lawama ya muuguzi na ya mkwe juu ya majuto hayo, utaona inavyofanya kazi. Fedheha nayo ni moja ya zile hisia zinazotangulia chungu cha usiku. Anayedhani kwamba kwa kumtahayarisha mgonjwa anamzuia asile, kwa kweli anampa sababu nyingine ya kula, na pia anamfundisha kuficha, na mgonjwa anayeficha hawezi kutibiwa na mtu yeyote.

Najua nitajibiwa kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu walioshiba, na kwamba huku kwetu, ambako nyumba nyingi hula mara moja kwa siku, hakuna mtu mwenye nafasi ya kuugua kwa kula. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa wanaoitoa wanaijua njaa. Lakini njaa yenyewe ndiyo inayoipinga. Katika Vita vya Pili vya Dunia, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1944, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana 36 wa kiume waliojitolea, wenye siha njema, akawapunguzia chakula kwa miezi sita hata wakapoteza kiasi cha robo ya uzito wao. Wakawa wazito wa moyo, wepesi wa hasira, na wasiofikiri neno jingine ila chakula. Na waliporuhusiwa tena kula, baadhi yao walikula viasi vya kutisha, wakavimbiwa, na bado wakasema wana njaa. Mwaka 2017 Carolyn Becker na wenzake walitangaza habari za watu wanaopokea chakula cha msaada katika mji wa San Antonio, Texas, na miongoni mwao waliokuwa na dhiki kubwa zaidi ya chakula ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za maradhi ya ulaji, kufakamia kukiwamo. Hata karibu nasi, mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya mahojiano na wanawake wa Tanzania, na baadhi yao walikutwa na dalili za maradhi ya ulaji. Kwa hiyo anayekosa ndiye aliye katika hatari ya kufakamia siku anapopata. Na orodha ya makatazo isiyoacha kitu humfanya mgonjwa kuwa mwenye njaa katikati ya shamba lake.

Na Kisangani ina yake zaidi ya njaa. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni mwaka 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya mji huu, mabomu yakaangukia nyumba, mamia ya raia wakauawa, na familia zikajifungia siku sita bila maji wala chakula cha kutosha. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa ajili ya madhara ya vita vya miaka ile. Ni haki kwamba madhara yahesabiwe kwa fedha, kwani wafu walikuwa na wategemezi na nyumba zilikuwa na thamani. Lakini mtoto aliyelala chini ya kitanda siku zile, akashika njaa na hofu kwa pamoja kama mtu ashikavyo lugha ya mama, leo ni mtu mzima mwenye watoto, na huenda ndiye anayeketi kwenye benchi la zahanati akikaripiwa kwa ajili ya lituma. Tangu mwaka 2023 ugomvi wa ardhi baina ya jamii za Wambole na Walengola umewaleta mjini wakimbizi wengine kutoka ng'ambo ya mto Kongo, waliokula kwa gharama ya watu wengine na kulala katika vyumba visivyo vyao. Sisemi kwamba kila aliyepitia vita atafakamia chakula. Wengi hawafanyi hivyo, na wengine huzuni huwafunga koo wasile kabisa. Nasema kwamba mwenye kutibu watu katika mji wenye historia kama hii, asiyeuliza historia hiyo, anafanya kazi macho yamefumbwa.

Wazee wetu walilijua jambo la huzuni na chakula kuliko tunavyodhani. Tazama matanga. Mtu akifiwa, hawamwachi peke yake; jamaa hufika na mikeka, masufuria makubwa huinjikwa uani, wali na samaki na sombe hupikwa kwa ajili ya umati, na mfiwa asiyeweza kumeza huketishwa, huambiwa, "Kula kidogo, mama, ili upate nguvu ya kulia," na anayetaka kuzidi huondolewa sahani kwa upole na mtu wa rika lake, pasipo neno. Huko majonzi na chakula hukutana mbele ya watu, mchana, kwa saa zinazojulikana. Ubaya huja siku mikeka inapokunjwa. Wageni hurudi makwao, mfiwa hubaki na chungu chake na usiku wake, na yale yaliyokuwa yakifanywa na umati sasa anayafanya peke yake gizani, bila mtu wa kumwambia ale kidogo na bila mtu wa kumwondolea sahani. Nadhani sehemu kubwa ya tiba ni kumrudishia mgonjwa kitu mfano wa mikeka ile, hata ikiwa ni mtu mmoja tu wa kukaa naye.

Wako watakaosema kwamba ninawadekeza wagonjwa, na kwamba maradhi ya sukari hayana huruma, hupofusha macho na huozesha miguu, iwe mtu amekula kwa huzuni au kwa furaha. Nakubali kwamba hayana huruma. Kwa sababu hiyo hiyo siridhiki na njia isiyoleta matunda, na karipio tumelijaribu vya kutosha. Tiba iliyopata ushahidi mwingi kwa ulaji wa namna hii ni ya mazungumzo, ile iliyositawishwa hasa na Christopher Fairburn huko Oxford, na misingi yake haihitaji mashine wala fedha nyingi. Wa kwanza ni kula kwa saa maalumu, milo mitatu na vitafunio baina yake, pasipitishwe saa nyingi bila kitu, kwa kuwa tumbo lililofungishwa kutwa ndilo linalomwamsha mtu usiku. Wa pili ni kuweka kumbukumbu: nini kimeliwa, saa ngapi, na moyoni kulikuwa na nini, asiyejua kuandika na amsimulie mjukuu au jirani anayemwamini. Wa tatu, ambao naona ndio mgumu kwa watu wetu, ni kwamba baada ya usiku mbaya mtu asifunge siku ya pili ili kulipa, bali ale chakula cha asubuhi kama kawaida. Kwani kufunga huko huandaa usiku mwingine mbaya, na kwa anayemeza vidonge vya sukari huweza kumwangusha njiani kabla hajafika Masako.

Makatazo nayo yaweza kuandikwa upya bila kuivunja elimu. Mama wa Masako hawezi kuishi bila muhogo wala ndizi, na hana haja ya kuambiwa aviache: na aambiwe kwamba robo ya sahani iwe lituma au wali, robo iwe samaki, maharagwe au viwavi wakati wa msimu wake, na nusu iliyobaki iwe sombe, ngai-ngai na mboga nyingine, mafuta yakiwa haba. Hayo anaweza kuyatenda katika jiko alilo nalo, pamoja na wajukuu wake, kutoka chungu kimoja.

Liko jambo jingine la Kisangani lenyewe. Chuo kikuu chetu kimekuwa na kitivo cha saikolojia na elimu tangu zama za Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, ilipoamuliwa katika mwaka 1971 kwamba masomo hayo yawekwe hapa, na vijana wengi wamehitimu humo wakakosa kazi inayolingana na elimu yao. Njia ya kwenda Masako, ambayo wanafunzi wa elimu ya wanyama na mimea wameizoea, hawa wa saikolojia pia wangeweza kuishika, mwanafunzi mmoja kwa zahanati moja, asubuhi za siku ya kupima sukari, akae na kila mgonjwa pembeni mwa benchi, mbali na masikio ya wengine, amsikilize. Vikundi vya likelemba, ambavyo akina mama huvitumia kuwekeana akiba, hukutana tayari kwa siku maalumu na hujuana siri za nyumbani. Hakuna kinachozuia wagonjwa wa sukari waliomo katika kikundi kimoja wabaki nusu saa baada ya fedha kuhesabiwa, waulizane usiku wao ulikuwaje.

Nawaomba wakuu wa zahanati na vituo vya afya vya Kisangani na vya barabara ya Buta waamuru kwamba swali la moyo litangulie swali la chakula, na kwamba mgonjwa aulizwe faraghani. Nawaomba wakwe na watoto waache kuhesabu matonge ya mama mbele ya wageni. Nawe unayekula gizani na kuosha sufuria kabla ya mapambazuko, ikiwa maneno haya yamekufikia, mwambie kesho mtu mmoja unayemwamini, kisha ule chakula chako cha asubuhi kwa saa yake, ukiwa umeketi.